Mahari Imo Humu Humu

Asubuhi mimi ni karani, jioni ni seremala. Ukarani unaingiza, useremala unatoa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, nina kibanda cha mabati ambacho mke wangu anakiita kaburi la mshahara. Humo natengeneza visanduku vya mapambo: vya hereni, vya ubani, vijaluba vya bibi zetu wanaotafuna tambuu. Vitanda sitengenezi. Kitanda kikilegea anaanguka mtu na mkewe. Kisanduku kikilegea inaanguka hereni, inaokotwa, maisha yanaendelea.

Basi mpwa wangu akapata mchumba Pangani. Akaja kibandani, akakaa juu ya kiroba cha maranda.

“Mjomba, mahari ya watu sitaki kuipeleka kwenye bahasha ya kaki.”

“Bahasha,” nikamwambia, “ni kwa wasio na mjomba.”

Fundi mmoja mzee wa Ngamiani alinishauri ninunue mtiki. Mitiki ya Longuza, kule Muheza, si mbali na hapa, na mbao yake sifa yake ni kutulia: ije mvua, lije jua, haijisumbui. Lakini mtiki una bei, na wiki hiyohiyo jirani alikuwa na mbao za mwembe wake uliong'oka, zina michirizi ya kijivu na rangi ya asali, tena za bure. Ubure ule uliniongezea macho ya kuona uzuri wake.

“Imekauka hiyo?” mzee akauliza.

Ilikuwa Februari, kaskazi imepamba moto. Tanga nzima imekauka. Mimi mwenyewe nimekauka. Nikamwambia imekauka.

Sasa naomba niwaeleze kifuniko, maana sitaki mtu aniambie kilikuwa kibaya. Hakikuwa na bawaba. Kilikuwa cha kusukuma, kinateleza ndani ya mifereji miwili niliyoichonga kwa patasi kwenye ubao wa kushoto na wa kulia. Upana wake sentimita 15. Napiga randa kidogo, najaribu, kimekaza. Napiga tena, naondoa ganda jembamba la kuonesha mwanga, najaribu. Mpaka kikaingia bila kubakisha uwazi wa kupitisha hata wembe, na ukikisukuma kinateleza taratibu: fyuuu. Mke wangu aliitwa kusikiliza fyuuu. Watoto wakaitwa. Kijana wa mihogo aliyekuwa anapita naye akasimamishwa, akasikiliza, akauliza kama nanunua mihogo.

Pembeni nikapanga misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, mtindo wa makasha ya Zanzibar. Juu vanishi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiinama unajiona ndevu. Ndani sikupaka, noti zisije zikanuka. Na kitako? Kitako nani anakiangalia. Nilikata kipande cha plaiwudi nikakigongelea kwa vimisumari vya nusu inchi, basi.

Ndoa ikapangwa Aprili. Ukipanga ndoa Aprili kwenye pwani hii, masika anakuja bila kadi. Ilinyesha kutwa, ikanyesha kucha, nguo za harusi zikapigwa pasi zikiwa mbichi. Tukatia noti, tukatia na pete, nikasukuma kifuniko mwenyewe. Safari hii sikusikia fyuuu. Nikadhani ni kelele za mvua. Mpaka Pangani nimekipakata kwenye Kosta, nimekivika kanga, na dirisha langu ndilo lililokuwa linavuja.

Tukafika. Udi unafuka, wazee wamejipanga kwenye mkeka, shehe yuko tayari. Akauliza mahari iko wapi. Mshenga akakitoa kisanduku kwa mikono miwili, na ule mnong'ono wa “mashaallah” niliusikia mpaka kwenye mifupa. Akasukuma kifuniko. Akasukuma tena. Akanitazama.

“Kina siri?” akaniuliza chini chini.

“Hakina. Sukuma.”

Ami wa bibi harusi akakichukua. Huyu ni mvuvi, ana vidole vinene vya kuvuta jarife, lakini vanishi yangu ilikuwa vanishi: vidole vikateleza mpaka ukingoni na kofia ikamdondoka. Akakitikisa. Ndani pete ikalia ko-ko-ko.

“Mahari imo,” akatangaza. “Tunaisikia.”

“Kisheria,” shehe akasema, “mahari inaweza kubaki deni, na ndoa ikasihi.”

“Deni nalijua, shehe,” ami akajibu. “Hili si deni. Fedha ziko hapa mbele yangu na sizioni!”

Kikazunguka mkeka mzima. Kila mwanamume alikijaribu kwa mbinu yake, mmoja akakisomea bismillahi, mwingine akaomba kisu nikamkatalia kwa ajili ya vanishi. Bwana harusi kanzu imemlowa jasho, ananitazama kwa jicho ambalo mpwa hatakiwi kulitumia kwa mjomba. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya bibi yake bibi harusi:

“Hebu kileteni huku.”

Kikapelekwa. Hatukuona kilichofanyika. Tulisikia ka! mara moja, kisha kigelegele. Bibi alikuwa amekipindua, akaona plaiwudi, akachomeka mpini wa kijiko na kubanua. Mahari yote ikamwagika mapajani mwake. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na kila aliyepita kunipa mkono alinipa pole.

Mzee wa Ngamiani nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia mbao hutanuka kwa upana, si kwa urefu, na upana wa sentimita 15 wa mwembe ukinywa unyevu wa masika unaweza kuongezeka milimita moja, hata mbili. Tena kwa kuwa nilipaka upande mmoja, ule ulio wazi ulikunywa zaidi, kifuniko kikapinda na kujikabia humo humo kwenye mfereji. Nikamjibu kwamba hapa Makorora kilikuwa kinafunguka vizuri. Tatizo ni hewa ya Pangani.

Kisanduku bado kinatumika. Bibi harusi amekilaza kichwa chini, kitako amekitia bawaba, na wageni wanausifu mlango wake. Mdogo wake naye kachumbiwa, na mchumba ni mpwa wangu mwingine. Mshenga ameshaleta salamu za ami: posa imepokelewa kwa mikono miwili, ila mahari safari hii itumwe kwa simu.