Je, Nyota Zinaimba? Hoja ya Pythagoras Mbele ya Aristotle

Chukua udi wa taarab, upige uzi mmoja bila kuubana. Sasa ubane katikati kabisa, upige tena: sauti ni ileile, ila imepanda. Ukiacha theluthi mbili ndizo zilie, utapata sauti nyingine inayoafikiana na ya kwanza. Na koo ni hivyo hivyo. Baba na mama wakiimba wimbo mmoja, sauti ya mama mara nyingi hupanda kwa uwiano wa 2 kwa 1, wala hakuna atakayesema wanaimba nyimbo mbili.

Wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Kigiriki, kule Croton kusini mwa Italia, waliyajua mahesabu ya nyuzi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, wakavuka mpaka mbinguni: kama utamu wa sauti ni hesabu, basi sayari nazo, kwa kuwa zinakwenda kwa hesabu, zinaimba. Mbona hatuzisikii? Walijibu kwamba tumezaliwa ndani ya sauti hiyo, tumeizoea kama mfua shaba alivyozoea makelele ya karakana yake.

Jibu hilo ni zuri mno, na hapo ndipo linaponitia shaka. Dai ambalo kutosikika kwake kunageuzwa ushahidi, utalipima kwa nini? Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyekuja baada ya Pythagoras, alilijibu vizuri: radi hupasua mawe, basi miili mikubwa kiasi kile ingetoa mlio, tungeona madhara yake hata kama masikio yamezoea. Leo tunajua pia kwamba kati ya sayari hakuna hewa ya kubeba sauti.

Wengi hufunga kesi hapo. Mimi siifungi, kwa sababu ya Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani. Katika kitabu chake cha 1619 alizipa sayari sauti kufuatana na kasi zake. Dunia aliipa noti za mi-fa-mi. Hakudai kwamba sikio litazisikia, alisema ni za akili. Na humo humo, katikati ya msako huo wa muziki, ndimo ilimo kanuni yake ya tatu inayofungamanisha muda wa sayari kulizunguka jua na umbali wake, na wanaastronomia wanaitumia mpaka leo.

Kosa la wafuasi wale wa Pythagoras, kwangu, ni kutopima. Ilisimuliwa kwamba Pythagoras aligundua uwiano huo kwa kusikiliza nyundo za wahunzi, uzito ukiwa 2 kwa 1. Karne ya 16 Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alining'iniza vitu vizito kwenye nyuzi ili kuzikaza, akajaribu. Ili sauti ipande kiasi kile, uzito ulitakiwa kuwa mara 4.