Kabla ya kushusha giaboksi, lipa pesa ya kupima

Mwezi wa tatu Toyota Mark II yangu ya giaboksi otomatiki, GX100 ya mwaka 1997, ilianza kugoma kuondoka. Nikiweka D, ile ya kwenda mbele, na kukanyaga mafuta injini inanguruma, lakini gari linajikokota kama limefungiwa trela la mchanga. Likishachanganya mwendo linatulia, linakwenda vizuri kabisa. Nikisimama kwenye foleni ya Ubungo, hapa Dar es Salaam, taabu inaanza upya. Na kwenye dashibodi taa ya O/D OFF, inayoonyesha kwamba gia ya juu kabisa imezimwa, ilikuwa inawaka na kuzima yenyewe bila mtu kugusa kitufe.

Fundi wa kwanza aliendesha mzunguko mmoja wa mtaa. Aliposhuka akasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba pale Gerezani kwenye spea za mtumba, milioni moja na laki mbili, hela ya kushusha na kupandisha mbali. Boneti hakuifungua.

Wa pili nilimpata Tandika, mtu mzima aliyeanza kazi hii kwenye magari ya mizigo. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza, "Ukiweka L linaondokaje?" L ni ile nafasi ya gia nzito, ya kupandia mlima, na nilikuwa sijawahi kuijaribu. Tukajaribu hapo hapo, gari likachomoka kama jipya. Mzee akazima injini akaniambia, "Basi mwanangu, gia ya kwanza unayo. Kinachokosekana ni wa kuiita."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo, maana ndani yake mna ufundi wote. Kwenye giaboksi otomatiki za Toyota za wakati ule, ukiwa D, kompyuta ndiyo inayochagua gia kwa kufungua na kufunga solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili. Solenoidi namba moja ikikosa umeme, gari linaondokea gia ya tatu, ndiyo maana linakuwa zito. Ukiweka L, vali inayosukumwa na mkono wa gia inaipata ya kwanza bila kungoja umeme. Kwa hiyo gari likivuta vizuri kwenye L, kuna uwezekano mkubwa klachi za gia ya kwanza ni nzima, na ugonjwa utafutwe kwenye amri, kabla hujautafuta kwenye chuma.

Kisha akafungua kile kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ile ile ya O/D OFF ikaanza kuongea. Ikamulika mara sita, ikapumzika, ikamulika mara mbili. Sitini na mbili, mzunguko wa umeme wa solenoidi namba moja. Ingekuwa 63 ingekuwa namba mbili, 64 ni ile ya kufungia tokonveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Kama hakuna kosa, taa inamulika mfululizo bila kupumzika. Gari la zaidi ya miaka ishirini na mitano lilikuwa limeshajieleza lenyewe, na kifaa cha kulisikiliza ni inchi mbili za waya.

Akalipandisha kwenye jeki, akafuata nyaya kwa vidole mpaka karibu na bomba la ekzosi. Pale plastiki ilikuwa imeyeyuka na shaba imeota kutu ya kijani. Akakata, akalehemu, akavisha mpira, akazifunga mbali na joto. Saa moja na nusu.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Yule fundi wa kwanza namlaumu, ila tumemfundisha sisi wenye magari. Fundi akitumia nusu siku kufuatilia nyaya na kukuta moja imekatika, tunamwangalia na kumwambia, "Si waya tu?" Tunampa elfu tano na soda. Fundi akishusha giaboksi, tunalipa laki mbili bila kubisha kwa sababu tumeona jasho na tumeona chuma. Tunalipia kubadilisha, hatulipii kujua. Mtu mwenye watoto wa kusomesha atachagua kazi gani? Ndiyo maana mimi siku hizi nikifika gereji ninaanza na bei ya kupima. Tunakubaliana kwanza, namlipa hata akinikutia fyuzi. Mzee wa Tandika nilimlipa elfu sitini, na akashtuka. Kushtuka kwake kuliniumiza.

Oili nayo inapimwa ovyo mno. Watu wanachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, asubuhi gari likiwa baridi na limezimwa, wanaona iko juu, wanaridhika. Kwa Toyota hizi zenye dipstiki, gari lipate moto sawasawa, lisimame tambarare injini ikiwa inanguruma, mkono upitishwe kwenye gia zote polepole na kurudi P, ndipo usome kwenye alama ya HOT. Honda nyingi ni kinyume, gari likipata moto unazima kwanza. Pakaza oili kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu au kahawia kidogo, hilo halinitishi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeliwa. Ikiwa ya waridi na nzito kama juisi ya mapera, maji ya rejeta yamepenya, kwa sababu kwenye magari mengi oili ya gia inapoozwa na kimrija kilichomo ndani ya rejeta. Sisi tunaojaza maji ya bomba miaka nenda rudi tunaiozesha mirija hiyo wenyewe. Ukifunga giaboksi nyingine na kuiacha rejeta ile ile, umeiua na hiyo.

Wenye RAV4 za 2001 hadi 2003 wawe makini zaidi. Zilizouzwa Marekani zilijulikana kwa kugonga zikibadili gia, na chanzo kilikuwa kompyuta ya injini, kiasi kwamba Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana ya kompyuta hiyo. Wako waliobadilisha giaboksi, na mpya ikaanza kugonga vile vile.

Sisemi kwamba giaboksi haifi. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa ukakuta vipande vya chuma, au injini inapiga resi kwenye gia zote na gari halisogei, hapo nenda Gerezani. Ile unga laini ya kijivu kwenye sumaku ni ya kawaida, usitishwe nayo. Lakini kumbuka kwamba giaboksi ya mtumba unanunua bila kuisikia ikifanya kazi. Unaweza ukawa unabadilisha yako yenye waya mbovu kwa ya mwenzako iliyoungua.

Jirani yangu ana Toyota Carina ambayo rivasi inachelewa kuingia. Jana jioni tulikaa ndani ya gari, saa ya simu mkononi, yeye amekanyaga breki. Kutoka N, yaani gia huru, kwenda D ilichukua kama sekunde moja, sawa kabisa, maana kiwango cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R, yaani rivasi, ilichukua sekunde tatu na zaidi, wakati inatakiwa iwe chini ya 1.5. Oili ipo, haijaungua, ila imechakaa. Kwa hiyo kinachotiliwa shaka ni klachi au presha ya upande wa rivasi peke yake. Ameshaambiwa na mtu kwamba giaboksi imekufa. Jumamosi tunakwenda Tandika, na elfu sitini ya kupima ameshaitenga.