Bunduki ya zamani bado ina shabaha

Wapenzi wa bunduki za kuwindia wakikaa pamoja, mazungumzo hufika palepale: ipi ina shabaha zaidi? Siku hizi jibu hutolewa kwenye simu. Mtu anakuonyesha picha ya karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, iliyopigwa umbali wa mita 100 kwa bunduki mpya yenye kitako cha plastiki na darubini ndefu, na kila mtu anaona mjadala umekwisha. Kwangu mimi mjadala hapo ndipo unapoanza. Naamini bunduki ya bolti, yaani yenye komeo la chuma unalolisukuma na kulivuta kwa mkono ili kuingiza na kutoa risasi, iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, kama mtutu wake haujaliwa na kutu, inamtosha mwindaji kwa kazi yoyote halali ya porini. Tena kuna jambo moja inalolifanya vizuri kuliko nyingi zinazouzwa leo.

Nyingi ya bunduki hizi ni ukoo mmoja. Mjerumani Paul Mauser alihangaika na bolti kwa miaka mingi katika kiwanda chake cha Oberndorf, na mwaka 1898 jeshi la Ujerumani likaipokea ile tunayoiita Mauser 98. Waingereza waliokuwa wakitengeneza bunduki za kifahari za mitutu miwili waliona haraka kwamba hapa kuna kitu. John Rigby wa London akawa wakala wa Mauser, akachukua risasi ya Kijerumani ya 7x57 na kuiuza kwa jina la .275 Rigby (namba hizi zenye nukta ni kaliba, yaani takriban unene wa risasi kwa inchi). Mwaka 1911 akatoa .416 Rigby, yenye kichwa cha gramu 26 na ushei kinachotoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 700 kwa sekunde. Mwaka uliofuata Holland & Holland wa London nao wakaja na .375 yao. Hii ya mwisho bado ndiyo kipimo chetu: hapa Tanzania, ukitaka kuwinda wanyama wakubwa walio hatari, kaliba ya chini inayokubalika ni .375. Risasi iliyobuniwa mwaka 1912 ndiyo bado inayosimama mlangoni.

Sasa hilo jambo moja. Chukua Mauser 98, hakikisha haina risasi chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa), weka risasi za mazoezi zisizo na baruti kwenye magazini, kisha isukume bolti mbele polepole huku ukiitazama kwa juu. Upande wa kulia wa bolti kuna kipande kirefu cha chuma chenye kucha mwishoni. Risasi inapoinuka kutoka kwenye magazini, ukingo wa ganda unateleza na kuingia chini ya ile kucha, kabla risasi yenyewe haijafika chemba. Tangu hapo imeshikwa. Ukighairi katikati na kuvuta bolti nyuma, risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Ukikoki bunduki ikiwa imelala ubavu, au wewe mwenyewe umeanguka chali, hakuna kinachodondoka.

Katika bunduki nyingi za kisasa bolti inaisukuma risasi tu, na kucha ndogo huishika mwishoni kabisa, bolti inapofungwa. Kwenye benchi la kulengea hutaona tofauti yoyote. Lakini mwindaji aliyeshtuka anaweza kuisukuma bolti isifike mwisho, akairudisha nyuma, akaisukuma tena. Risasi ya kwanza imebaki chemba bila kushikwa, ya pili inakuja nyuma yake na kuigonga, na bunduki imekwama. Anayekuja mbele yake ni mbogo aliyejeruhiwa. Karatasi yenye matundu matatu haikukuonyesha hilo, na haina namna ya kukuonyesha.

Wamarekani walijifunza somo hili kwa gharama. Winchester walitoa Model 70 mwaka 1936, bolti yake ikiwa na kucha ndefu ya Mauser, na ikaja kupendwa sana na wawindaji wa Afrika Mashariki hasa katika .375. Mwaka 1964 kampuni ikapunguza gharama. Kucha ndefu ikaondolewa, na nakshi za kitako zilizokuwa zikichongwa kwa mkono zikawa za kugandamizwa kwa mashine. Shabaha haikufa. Nyingi kati ya zile mpya zilipiga sawa kabisa na zilizotangulia. Hata hivyo wanunuzi walizikataa waziwazi, bei ya zile za kabla ya 1964 ikapanda na haijashuka mpaka leo, na mwaka 1992 Winchester wenyewe wakairudisha kucha ile. Nikiambiwa kwamba mapenzi ya bunduki za zamani ni kumbukumbu za wazee tu, huwa nauliza: mbona basi kiwanda kiligeuza njia?

Tuje kwenye shabaha yenyewe, maana sitaki nionekane naikwepa. Bunduki nzuri ya zamani ikipewa risasi inazozipenda itaweka matundu yake ndani ya sentimita nne mpaka sita kwa mita 100. Mpya itafika mbili au tatu, nyingine chini ya hapo. Tofauti ipo, sibishani. Lakini kwenye miombo ya Rungwa au Liwale mnyama hupigwa kwa mita 50, 80, mara chache 120, kwa sababu miti haikuruhusu kuona zaidi. Sehemu ya moyo na mapafu ya mbogo ina upana wa sinia la pilau. Ya swala pala ni nusu yake. Sentimita tatu hazikufikishi popote. Mtu aliyetembea tangu alfajiri, jasho linaingia machoni na moyo unadunda, mikono yake peke yake inayumbisha mtutu kuliko kasoro yoyote ya chuma.

Kinachoamua hapo ni jinsi bunduki inavyokaa begani. Watengenezaji wa London walilijua hili vizuri. Vitako vyao vilichongwa ili ukiinua bunduki, jicho lijikute tayari nyuma ya vilengeo vya juu ya mtutu bila kutafuta. Kilengeo cha nyuma kilikuwa bapa pana lenye mkato wa V, cha mbele kishanga kidogo, mara nyingi cha pembe ya ndovu, kinachoonekana hata giza likianza kuingia. Hakuna betri, hakuna kioo cha kuingia ukungu. Kijana aliyezoea darubini akijaribu kulenga hivyo mara ya kwanza husema haioni shabaha. Mpe muda na maelekezo. Akishaizoea, atashangaa jinsi anavyowahi.

Mfano ninaoupenda ni wa Harry Selby, aliyekulia Kenya akawa mmoja wa wawindaji bingwa mashuhuri wa enzi yake. Mwaka 1949 bunduki yake ya mitutu miwili ilikanyagwa na gari. Akaenda dukani kwa May & Co., Nairobi, kutafuta ya kuziba pengo, akapata .416 Rigby ya bolti. Kwa bunduki ya mitutu miwili fundi analazimika kuiunganisha mitutu kwa mkono, apige, aifungue, aipange upya, mpaka risasi zote mbili zielekee mahali pamoja. Ndiyo maana bei yake haikamatiki. Ya bolti ilikuwa bidhaa ya mtu wa kazi. Selby aliishika ile ya kuziba pengo kwa miongo kadhaa, Kenya, Tanganyika na baadaye Botswana alikofariki mwaka 2018.

Kuna jina lingine ambalo halikosi kwenye mazungumzo haya, nalo nina neno nalo. Walter Bell, Mskochi aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, anasifiwa kwa kuua tembo 1,011, wengi wao kwa .275 ile ndogo. Watu humtaja kama ushahidi wa shabaha ya Mauser. Ni kweli alikuwa fundi wa kulenga: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Lakini tembo 1,011 kwa ajili ya pembe ni maangamizi, na siwezi kuyaandika kama rekodi ya michezo. Walioyabeba yale meno mpaka pwani walikuwa wapagazi wetu, ambao majina yao hayakuandikwa. Na wakati Bell akichagua bunduki yake London, mwindaji wa Kiafrika alibaki na gobore la kushindilia baruti mdomoni. Anayezipenda bunduki hizi, kama ninavyozipenda mimi, anapaswa kuyasema hayo kwa sauti ileile anayosifia mti wake wa jozi. Ukimwacha Bell peke yake kwenye picha, umesimulia nusu ya habari.

Afadhali zaidi kwangu ni ile .275 Rigby aliyopewa Jim Corbett mwaka 1907, baada ya kumuua simbamarara jike wa Champawat, India, aliyekuwa amekula mamia ya watu. Corbett alimalizia maisha yake Nyeri na kufariki mwaka 1955. Bunduki ile ipo mpaka leo; mwaka 2015 ilirudi mikononi mwa Rigby wenyewe, London. Ilitolewa kwa shukrani, na hilo linabadilisha namna ninavyoitazama.

Kwa wale wenye bunduki ya namna hii nyumbani, iliyorithiwa kihalali na yenye leseni, nataka kusema jambo kuhusu ugonjwa wake mkubwa, kwa sababu wengi huitupia lawama bure. Kitako cha mti hunywa unyevu. Masika ikipita, mti unavimba na kuusukuma mtutu, na bunduki iliyokuwa ikipiga katikati inaanza kupiga kando. Fundi mmoja wa bunduki hapa Arusha, mzee wetu mwenye mikono mitulivu, alinionyesha anavyoutafuta ugonjwa huo. Aliutoa mtutu kwenye kitako, akaupaka masizi ya kibatari upande wa chini, akaurudisha na kukaza skrubu, kisha akaufungua tena. Ndani ya mti, karibu na ncha, palikuwa na doa jeusi upande mmoja tu. "Umeona? Hapa ndipo panapobana," aliniambia. Akapachika msasa kwenye kijiti cha duara, akapakwaruza kidogo, akapaka masizi tena, akakwaruza tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mwishoni kipande cha karatasi kilipita kati ya mtutu na mti bila kukwama, na bunduki ikarudi kupiga katikati.

Ugonjwa wa pili ni kutu ya ndani. Fataki za risasi za zamani, yaani vile vidonge vya kuwashia baruti, ziliacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo haitoki kwa mafuta. Ilitakiwa kusafishwa kwa maji ya moto siku ileile, kisha kukaushwa na ndipo kupakwa mafuta. Mitutu mingi mibovu ninayoiona haikuchoka kwa kupiga. Ililazwa chafu, na zaidi ile iliyokaa Tanga au Lindi kwenye hewa ya bahari.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kukubali urithi, toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kwa nyuma. Mifereji inayoizungusha risasi ionekane mikali mpaka mwisho, bila vishimo vyeusi. Angalia na mdomo wa mtutu, kwani wengi walisafisha kwa kuingiza fimbo kutoka mbele, ikausugua upande mmoja na risasi ikawa inatoka imesukumwa pembeni. Mdomo uliolika fundi mzuri anaweza kuukata na kuusawazisha upya. Ulioliwa ndani kwa urefu wake wote ni wa kubadilishwa, na kama kaliba yake ni .318, ambayo risasi zake ni adimu mno siku hizi, fikiria mara mbili. Ikiwa ni .375 au 7x57, na ndani kunang'aa, usimwachie mwingine.