Anayekopesha na asimame nje

Bajaji moja ya mtaani kwetu imeandikwa kwa nyuma, herufi za dhahabu: KICHWA WALA SI MKIA. Nikikaa nyuma yake kwenye foleni najikuta namalizia mstari kimoyomoyo, maana tumeusikia kila mkesha wa mwaka mpya tangu utotoni. Ni Kumbukumbu la Torati 28:13. Mstari wa 12 nao unapendwa vile vile: utakopesha mataifa mengi, wala hutakopa.

Sina ugomvi na mistari hiyo. Nina ugomvi na namna tunavyoifikia, kama mgeni anayeingia harusini sahani zikigawiwa: ndoa ikifungwa hakuwepo, nani kamwoa nani hajui, yeye anaulizia pilau.

Sura hiyo ina mistari 68. Baraka zinakoma kwenye ule wa 14. Ile 54 iliyobaki ni laana: ukame, kupigwa vitani, kuchukuliwa mateka nchi ya mbali. Ukifika mstari wa 44 unakuta maneno yale yale yamegeuzwa, kwamba mgeni atakukopesha wewe, yeye awe kichwa nawe uwe mkia. Huo sijawahi kuuona kwenye bajaji.

Baraka na laana zimekaa sura moja kwa sababu ni masharti ya agano moja, na aliyeagana na Mungu pale, kwenye nchi tambarare za Moabu, ni taifa zima la Israeli. Neno letu la Kiswahili ni zuri sana hapa. Kuagana ni kupeana kwaheri, lakini pia ni kupatana: "tumeagana tukutane saa nne." Waebrania wao walisema wanakata agano, na kukata kwenyewe kulikuwa kwa kisu. Katika Mwanzo 15 Abramu anapasua mtamba wa ng'ombe, mbuzi na kondoo dume, anapanga vipande huku na huku, kisha tanuru la moshi na mwenge wa moto vinapita katikati. Maana ya kupita pale anaieleza Yeremia, sura ya 34: atakayevunja agano atafanywa kama ndama yule aliyepasuliwa.

Na hiyo sura ya Yeremia ni ya kusoma taratibu. Wababeli wameuzingira Yerusalemu. Mfalme Sedekia na wakuu wake wanakata agano kuwaachia huru watumwa wao Waebrania. Jeshi la Farao linasogea, Wababeli wanaondoka kwa muda, na mabwana wale wale wanawakamata tena watumwa waliowaachia. Nabii anawakumbusha Misri, nyumba ya utumwa walikotolewa baba zao. Haukupita muda Wababeli wakarudi, na mji ukachomwa mnamo 587 au 586 KK.

Misri ndiyo ufunguo wa sheria yote. Sisi tunasema Amri Kumi; Kiebrania kinasema Maneno Kumi, na kwa hesabu ya Wayahudi neno la kwanza halimwagizi mtu kufanya chochote: Mimi ni BWANA Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri. Bahari imepasuliwa kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 14, sheria inakuja sura ya 20. Wametolewa kwanza, ndipo wakaambiwa waishi vipi. Mikataba ya wafalme wa Wahiti, dola ya kale iliyokuwa Uturuki ya leo, nayo huanza hivyo, kwa kusimulia mfalme mkubwa alichomtendea mdogo kabla ya kumpa masharti. Tofauti ni kwamba Torati, ikishasimulia ukombozi, inashuka hadi jikoni kwa mtu.

Mama mmoja jirani yetu ni fundi cherehani. Alichukua ile mikopo tunayoiita kausha damu, marejesho kila siku, akakosa siku kadhaa. Wakaja vijana wawili. Walivua viatu mlangoni kwa adabu, wakaingia, wakatoka na cherehani. Sketi ya sare ya shule ya mtoto wa watu ilikuwa bado imebanwa chini ya sindano.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6: usichukue rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu tu, maana huko ni kuchukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na 11: ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani, simama nje, yeye mwenyewe akutolee. Naupenda mlango huo kuliko mistari mingi ya baraka. Mdaiwa anabaki na kizingiti chake, anachagua mwenyewe atoe nini. Na Kutoka 22 inasema vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijazama, halafu sheria inakatiza maagizo na kuuliza: atalala na nini?

Yaani kitabu kinachoahidi kwamba utakopesha mataifa ndicho hicho hicho kinachomwambia mkopeshaji asimame nje. Ukiniambia Torati ilishapita, sisi tuko chini ya neema, nitakuuliza mbona sura ya 28 haikupita nayo. Na siifichi sura ya 21 ya Kutoka, inayomruhusu mtu kummiliki mwenzake na kumwita mtumwa fedha ya bwana wake. Inanisumbua, na aliyeisoma isimsumbue namshangaa.

Israeli wenyewe waliishika? Nabii Amosi, karne ya 8 KK, anawakuta watu wamejinyoosha kando ya kila madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani. Na mwaka 1960, kwenye magofu ya ngome ya Mesad Hashavyahu, pwani kusini mwa Tel Aviv, wachimbuzi waliokota kigae chenye maandishi ya wino ya Kiebrania, cha karne ya 7 KK. Ni malalamiko ya mvunaji kwa afisa. Anasema alivuna, akamaliza, akaweka ghalani kama siku zote, ndipo Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akachukua vazi lake. Ndugu zake waliovuna naye kwenye jua kali watamshuhudia. Anaomba arudishiwe vazi. Mistari ya mwisho imeharibika, na jibu la afisa halikupatikana.

Jirani yetu siku hizi anashona kwa dada yake, usiku, mwenye mashine akishamaliza kazi zake.