Doa Angavu Halitoshi: Tuzijue Jenasi za Faji Zetu

Maji taka ya Nairobi yamejaa faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Kuzipata ni rahisi. Ugumu uko katika kujua umepata ipi, hasa jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, na hapo ndipo kazi nyingi za vyuoni hukatikia: doa angavu, yaani mahali ambapo faji zimeua bakteria, limeonekana kwenye sahani ya petri, picha imepigwa, na ripoti inatangaza kwamba mbadala wa antibiotiki umepatikana. Msimamo wangu ni kwamba faji ambayo jenasi yake haijulikani isiitwe dawa, hata iue bakteria vipi.

Faji za mtindo wa lamda, faji maarufu ya E. coli (bakteria wa utumbo), haziui kila mara. Zinaweza kujipachika kwenye DNA ya bakteria na kutulia humo, zikirithishwa kila seli inapogawanyika. Jeni za sumu ya Shiga, ile inayofanya E. coli fulani zilete kuhara damu na kuharibu figo za watoto, hubebwa na faji za namna hiyo. Sumu ya kipindupindu nayo jeni zake zimo kwenye faji. Ukimnywesha mgonjwa kitu cha aina hii, huenda unawapa bakteria silaha.

Kwa E. coli, ningeanza na Tequatrovirus, jenasi ya faji iitwayo T4. Hii haitulii ndani ya bakteria, ikishaingia, inaua. Kichwa chake kina urefu wa nanomita 120 hivi, mkia wake hunywea kama sindano inaposukuma DNA, na nyuzi sita ndefu ndizo zinazotambua bakteria. Kwenye DNA yake, sitosini, moja ya herufi nne za DNA, imebadilishwa na kuvikwa sukari, ndiyo maana vimeng'enya vingi vya bakteria vya kukata DNA ngeni haviiwezi. Katika joto la nyuzi 37, seli hupasuka baada ya dakika 25 hadi 30 na kutoa faji mpya zaidi ya mia.

Kuitafuta, chota mililita 50 za maji taka yanayoingia kwenye mtambo wa kuyasafisha (ule wa Dandora, ulioko Ruai, unafaa sana ukipata kibali), vaa glavu, acha taka zitulie, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, kisha chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Changanya na brothi (mchuzi wa kukuzia bakteria) ya nguvu maradufu, E. coli changa, na kalsiamu kidogo, ulaze kwenye nyuzi 37 usiku kucha. Kesho yake chuja tena, zimua mara kumi kumi, halafu weka mikrolita 100 pamoja na mikrolita 200 za bakteria kwenye mililita 4 za agari (jeli ya kukuzia bakteria) laini ya asilimia 0.6, umwage juu ya agari ngumu ya asilimia 1.5.

Mambo huharibika zaidi kwenye agari laini. Ikizidi nyuzi 50 inaua bakteria, na sahani inabaki tupu mtu akadhani faji zimefanya kazi. Ikishuka chini ya 42 inaganda mabongemabonge. Ishike kwenye nyuzi 46. Sahani ambazo hazikukaushwa vizuri nazo hufanya madoa yakimbie na kuungana.

Kuna na hili la mwinuko wetu, ambalo miongozo ya nje haisemi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu, inayoendeshwa kwa geji, ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, hapa hufika takriban nyuzi 118 badala ya 121. Tafuta pauni 18, au bora zaidi fuata kipimajoto na utepe wa kuthibitisha. Ukipuuza, vijidudu sugu vinabaki kwenye brothi na unavikuza mwenyewe.

Hesabu sahani zenye madoa 30 hadi 300. Madoa 40 kutoka mikrolita 100 zilizozimuliwa mara milioni moja ni faji milioni 400 kwa mililita. Kisha chomoa doa moja na urudie usafishaji mara tatu. Usikimbilie doa kubwa safi! T4 ya kawaida hutoa madoa madogo yenye kingo za ukungu, maana seli iliyoambukizwa ikivamiwa tena huchelewa kupasuka. Lamda nayo huacha ukungu katikati. Macho hayatoshi kuzitenganisha.

Picha ya hadubini nayo haitoshi tena. Mwaka 2022 familia za zamani zilizopangwa kwa umbo la mkia zilifutwa. Sasa jenomu, yaani DNA yote ya faji, husomwa yote: zinazofanana kwa takriban asilimia 70 ni jenasi moja, na kwa 95 ni spishi moja. Usomaji huo huo ndio unaofichua jeni za sumu na za kujipachika. Bajeti isiyo na fedha ya kusoma jenomu naiona haijakamilika.

Hata jenasi nzuri haihakikishi tiba. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bangladesh kwa watoto 120 wenye kuhara, baadhi wakinyweshwa faji za ukoo wa T4. Hazikuwadhuru, lakini hazikuwaponya haraka zaidi. Faji hazikuongezeka vya kutosha tumboni. Kwa hiyo zijaribiwe kwanza dhidi ya E. coli zilizotoka kwa wagonjwa wa hapa, si aina ya maabara peke yake, na kila chupa kwenye friji ya nyuzi hasi 80 iandikwe mahali ilipotoka, bakteria yake, idadi kwa mililita, na jenasi.