Kunenepa tena si kukosa nidhamu

Mwandishi wa makala yenu ya kupunguza uzito anasema anayepungua kisha akanenepa tena "hana nidhamu". Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka 6 baadaye, miili yao ilikuwa bado inaunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Leptini nayo, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, ilikuwa chini. Yaani njaa juu, matumizi chini. Nidhamu gani itashindana na hayo mwaka hadi mwaka?

Halafu huku kwetu Kigoma kuna macho ya watu. Dada yangu alipopungua, sokoni Mwanga wakaanza kunong'ona: anaumwa huyu? Shangazi akamwandalia bonge la ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, mgebuka, unaoogelea kwenye mawese, na kukataa (mnatujua) ni kumvunjia heshima. Siku hizi dada anakula, ila anamega kidogo, na Ujiji anakwenda kwa miguu, bodaboda kaachana nazo.

Mhariri, za kupunguza tumeshasoma sana. Tuandikieni namna ya kubaki na uzito mpya.