Ashwin Benchi, Mashoto Watano Kwenye Pichi

Juni 7, 2023, uwanja wa kriketi wa The Oval, London: India na Australia, fainali ya Testi, ile kriketi ya siku tano. Wingu limetanda, pichi, ukanda ambao mpira hutua, ina majani, na Rohit Sharma, nahodha wa India, ameshinda kura ya sarafu na kuwataka Australia watangulie kupiga. Chakula cha mchana kimeshaliwa, Australia wana mikimbio 76 na wiketi tatu zimeanguka, yaani wapigaji watatu wametolewa. Dakika ile hakuna aliyekuwa na la kusema kuhusu Ravichandran Ashwin, mrusha spini (mpira unaogeuka ukitua) wa India, kuachwa nje. Warushaji wanne wa kasi walikuwa wanafanya kazi waliyoitiwa.

Halafu Travis Head na Steve Smith wakakaa. Mpaka jioni Australia walikuwa 327 kwa wiketi zilezile tatu, na ushirika wa wawili hao ukaja kufika mikimbio 285. Head 163, Smith 121. Fainali ya Ubingwa wa Dunia wa Testi ililalia upande mmoja na haikuinuka tena. India ilifungwa kwa mikimbio 209, huku mrushaji aliyekuwa namba moja duniani katika Testi akitazama.

Walioutetea uamuzi ule wana hoja, tena nzito. Uwanja ni uleule ambao Septemba 2021 India iliifunga Uingereza kwa mikimbio 157 bila Ashwin: warushaji wanne wa kasi, spini ikaachiwa Ravindra Jadeja peke yake. Umesh Yadav alichukua wiketi sita, Shardul Thakur akapiga nusu senchuri mbili (senchuri ni mikimbio 100). Na miezi michache kabla ya hapo, fainali ya kwanza ya ubingwa huu kule Southampton, Uingereza, India ilitangaza kikosi chenye Ashwin na Jadeja siku moja kabla ya mechi, mvua ikafuta siku ya kwanza, kikosi hakikubadilishwa, New Zealand wakashinda. Lawama kubwa ilikuwa kwamba wawili wa spini ni wengi mno kwa hali ile ya hewa. Aliyechomwa na lawama hiyo, akakumbuka na ushindi wa The Oval, namwelewa kabisa alivyoamua.

Ila kikosi cha The Oval 2021 kilikuwa na Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi. Siku ya tano, mpira umeshachakaa na pichi imelala, ni yeye aliyewang'oa Ollie Pope na Jonny Bairstow kwa kuwavunjia vijiti. Mwaka 2023 mgongo ulimweka nje. Mfumo ukabaki uleule, aliyeufanya ufanye kazi hayupo. Mohammed Shami na Mohammed Siraj walipochoka, aliyefuata hakuwa tishio: Umesh alimaliza zamu ya kwanza ya Australia bila wiketi hata moja.

Sasa nije kwenye takwimu inayotajwa kila mara Ashwin anapoachwa, ile ya "nyumbani na nje". Alistaafu Desemba 2024 akiwa na wiketi 537 katika Testi 106, na 383 kati ya hizo alizipata India, kwa wastani wa mikimbio 21 na ushei kwa kila wiketi (ukiwa mdogo ndio bora). Nje ya India wastani unapanda, na Australia umevuka 40. Basi watu wanahitimisha: huyu ni wa pichi za vumbi za kwao. Lakini "nje" si nchi. Australia wanatumia mpira wa Kookaburra, ambao mshono wake hulala mapema. Uingereza wanatumia Dukes, ambao mshono umeinuka na hukaa muda mrefu, kwa hiyo vidole vya mrusha spini vinapata pa kushika na mpira unahama hewani. Uingereza Ashwin amecheza Testi saba, wiketi 18, wastani 28. Tena zigawanye: tatu mwaka 2014, kumi na moja mwaka 2018, nne kwenye fainali ile ya 2021. Huyo ni mtu aliyekuwa anajifunza nchi. Ukichanganya namba hizo na za Australia, unapata wastani usiomhusu mrushaji wa uwanja wowote.

Angalia uwanja wa Edgbaston, Uingereza, Agosti 2018. Alastair Cook wa Uingereza, mpigaji shoto, ametoka kufungua zamu. Siku ya kwanza, pichi mbichi. Mpira wa Ashwin unaingia kwake ukiwa hewani, Cook anaufuata kwa kulinda mguu, unatua, unageuka kidogo tu kwenda nje, unapita kando ya bati na kugonga kijiti cha nje. Zamu ya pili akamtoa vilevile. Pale hapakuwa na vumbi wala nyufa.

Na hapa ndipo uamuzi wa 2023 unaponishinda kuukubali. Kati ya wapigaji wanane wa mwanzo wa Australia, watano walikuwa mashoto: David Warner, Usman Khawaja, Head, Alex Carey, Mitchell Starc. Ofspini ya Ashwin, spini inayomwingia mpigaji wa mkono wa kulia, huwakimbia mashoto. Ndiye wa kwanza katika historia ya Testi kuwatoa mashoto 200, na Warner peke yake alishamtoa mara 11. Zile wiketi nne za Southampton? Tom Latham mara mbili, Devon Conway, Neil Wagner. Wote mashoto. Waliochagua kikosi walisoma majani na mawingu vizuri, wakaacha kusoma orodha ya wapigaji.

Jadeja hana kosa hapa, wala mjadala wa nani bora kati yao hausaidii. Alipiga 48, na zamu ya pili akawatoa Smith, Head na Cameron Green. Lakini spini yake inawaingia mashoto, ya Ashwin inawatoroka. Walifaa kucheza pamoja. Wa kupisha hakuwa Thakur, aliyepiga 51 na kusimama na Ajinkya Rahane kwa mikimbio 109. Alikuwa Umesh. Na hoja ya kupiga haipo: Ashwin wakati ule alikuwa na senchuri tano za Testi.

Nakubali kwamba Ashwin asingefukuza mikimbio 444. India ilitolewa kwa 296 na 234, na hilo ni la wapigaji. Ila ofspini ilikuwa na kazi kwenye pichi ile. Nathan Lyon, mrusha ofspini wa Australia, alimtoa Jadeja, shoto, mpira ukagusa ukingo wa bati na kuishia mikononi mwa Smith kwenye slipu, kando ya mlinda wiketi. Zamu ya pili akachukua wiketi nne kwa mikimbio 41: Rohit mwenyewe alinaswa mguu mbele ya wiketi (mpira uliokuwa ukielekea vijitini ukamgonga mguuni) akijaribu kuufagia kwa bati, na Siraj ndiye aliyeanguka wa mwisho, akidakwa na Scott Boland.